Mashine Iliyolala Industrial Area: Uchambuzi wa Mzigo Ulioandikiwa "Mteja Hapatikani"

Mashine ya overloki, ile ya kushonea kingo za nguo zisichanike, ilitoka Mombasa Alhamisi jioni, ikawa Nairobi Ijumaa kabla hakujapambazuka. Hizo ni kilomita zipatazo 480 kwa usiku mmoja. Kutoka ghala la kampuni ya usafirishaji, Industrial Area, hadi Umoja ni mwendo wa chini ya saa moja hata Outering Road ikiwa imefunga, na huo mwendo mfupi ndio uliowashinda. Mashine ilizungushwa mtaani, ikarudishwa ghalani, ikatozwa ada ya kuhifadhiwa, kisha ikapakiwa tena ikarudi Mombasa. Aliyeinunua hakuwa ameiona hata sanduku lake. Kwenye rekodi za kampuni sababu imeandikwa kwa maneno mawili: mteja hapatikani.

Nilimsaidia dada huyu kuandika malalamiko yake, kwa hiyo nimesoma jumbe zote, risiti za M-Pesa na majibu aliyopewa. Jina lake sitalitaja, wala la kampuni, wala la muuzaji. Nakiandika kisa hiki kwa sababu kila niliyemsimulia hapa Nairobi alinijibu kwa kisa chake mwenyewe, na kwa sababu watu wanalaumiana mno juu ya jambo ambalo halikuharibika pale wanapodhani.

Mnunuzi anafanya kazi kiwandani, upande wa Lunga Lunga Road. Anaingia zamu ya asubuhi na kutoka jioni. Simu haziruhusiwi kwenye mashine. Zinabaki kwenye makabati ya wafanyakazi mpaka saa ya chakula. Jioni na Jumapili anashona nyumbani, Umoja Innercore, ghorofa ya nne ya ploti yenye geti la chuma lisilo na nambari. Kazi yake kubwa ya mwaka huwa Desemba na mapema Januari, kabla shule hazijafungua muhula wa kwanza: sketi, kaptula, mashati. Kwa miaka mingi kingo za nguo amekuwa akizipeleka kwa fundi mwingine mwenye overloki, akimlipa kwa kila nguo, na faida yake inaishia hapo. Ndiyo maana alijinyima akanunua yake, ndogo ya mezani, iliyotumika ng'ambo, kutoka kwa muuzaji wa Mombasa anayepokea mizigo ya bandarini. Alilipa KSh 18,500 kwa nambari ya till, na KSh 650 juu yake ili iletwe hadi mlangoni. Neno hilo, "mlangoni", limo kwenye ujumbe wa muuzaji, na nitalirudia kwa sababu lina uzito wa kisheria.

Ijumaa saa nne na nusu asubuhi simu yake iliita mara mbili ndani ya kabati. Hakukuja ujumbe wowote. Saa saba alipoifungua akaona nambari asiyoijua, akaipigia.

"Madam, mimi ni wa mzigo. Nilikuja, nikapiga, hukushika."

"Nilikuwa kazini, kaka. Ulifika geti gani?"

"Hapo kwa Chief."

"Mimi niko Innercore. Sasa uko wapi?"

"Niko Kayole tayari. Nikirudi ni siku nyingine, ofisi itakupangia."

Alimwomba aache mzigo kwa mama mwenye duka chini ya ploti, ambaye hupokea hata mitungi ya gesi ya wapangaji. Mwanaboda akasema hawezi: mzigo unataka kitambulisho cha mwenyewe, na nambari ya siri ambayo mfumo hutuma kwenye simu ya mwenyewe wakati wa kukabidhi.

Jumamosi alitoka kazini mapema akakaa nyumbani akingoja. Hakuna aliyekuja. Alipopiga simu ofisini akaambiwa mzigo umepangiwa Jumatatu, kwa sababu mfumo huruka hadi siku ya kazi inayofuata. Jumatatu alimwachia mdogo wake nyumba, akamwambia asitoke. Mwanaboda safari hii alikuwa mwingine, na huyu alifika kweli: mdogo mtu alisikia pikipiki, akatazama dirishani, akashuka ghorofa nne kwa mbio. Mwanaboda alikuwa amesimama getini na sanduku limefungwa nyuma ya pikipiki. Akampigia mwenye jina. Simu ikaita ndani ya kabati, Industrial Area. Mdogo mtu akamwonyesha kitambulisho chake, jina la ukoo ni lilelile. Akamwonyesha picha ya risiti ya malipo ambayo dadake alikuwa amemtumia WhatsApp. Kijana akamwambia, kwa upole kwa maelezo ya mdogo mtu, "Dadangu, nikikuachia na mwenye mzigo aseme hakupata, mimi ndiye nitakatwa." Akaondoka na sanduku.

Kwenye mfumo, safari hiyo nayo iliandikwa "mteja hapatikani". Sawasawa na ile ya Ijumaa, ya kijana aliyesimama kwa Chief, kama kweli alisimama.

Baada ya safari mbili, kanuni ya kampuni ni kwamba mzigo unabaki ghalani kwa siku kadhaa, ada ikipanda kila siku, kisha unarejeshwa kwa mtumaji. Ujumbe wa kumjulisha ulikuja, lakini ulisema tu kwamba mzigo uko "kituoni". Kituo gani, haukusema. Alipiga simu kwa huduma ya wateja akiwa kwenye foleni ya chakula, muziki ukapigwa sikioni mwake mpaka mapumziko yakaisha. Kesho yake hali ilikuwa hiyohiyo. Alipompata mtu wa kumjibu, alielekezwa mahali, na hapo ndipo aliponipigia mimi, hajui acheke au alie. Ghala lilikuwa kando ya Enterprise Road. Kutoka kiwandani kwake hadi pale ni mwendo mfupi wa boda. Mashine aliyokuwa akiingoja Umoja ilikuwa imelala karibu na mahali pa kazi yake usiku baada ya usiku. Kila asubuhi alipanda matatu kuelekea Industrial Area, nayo mashine, siku walizoamua kuitoa, ikapanda pikipiki kuelekea Umoja.

Alikimbia pale saa ya chakula siku iliyofuata. Mzigo ulikuwa umeshaondoka na lori la Mombasa.

Sasa tutazame kilichoharibika. Maelezo ya haraka ni kwamba hakukuwa na mtu nyumbani. Si kweli. Jumatatu mtu alikuwepo, mtu mzima mwenye kitambulisho, na aliteremka hadi getini. Hata Ijumaa ploti haikuwa tupu: keateka alikuwepo, mwenye duka alikuwepo, jirani wa mlango wa pili anayelea mtoto alikuwepo. Ploti za Umoja mchana hazikosi watu. Kilichokosekana ni sauti ya mtu mmoja kwenye simu moja, kwa dakika ambayo mwanaboda aliichagua yeye.

Hapa Nairobi anwani ya mtu ni nambari yake ya simu. Tumeizoea hali hiyo hata hatuioni. Barua katika nchi hii hazikuzoea kuletwa mlangoni. Zilikwenda kwenye sanduku la posta, na sanduku lilikuwa la mwajiri, la shule au la kanisa. Anwani rasmi ilikuwa S.L.P. na jina la mji, kisha misimbo ya posta ikaongezwa, kama 00100 ya posta kuu ya Nairobi. Haikukusudiwa kumwonyesha mtu mlango. Umoja yenyewe ilianza miaka ya 1970 kama mtaa wa nyumba ndogo uliojengwa kwa mkopo wa Marekani, na ukitazama ramani ya wakati ule utaona viwanja vilivyopangwa kwa mistari. Leo juu ya viwanja hivyo yamesimama maghorofa, vyumba vinapangishwa kimoja kimoja, na nambari ya kiwanja anaijua mwenye ploti na kaunti. Mpangaji hujielekeza kwa steji, kanisa, kinyozi, rangi ya geti. Simu za mkononi zilipoenea, na M-Pesa ilipokuja 2007 ikaifanya nambari ya simu kuwa pia mahali pa kupokelea pesa, tulipata kitu kilichoziba pengo lote hilo. Posta wenyewe walikubali hali hiyo: mwaka 2016 ililetwa huduma ya MPost, inayoigeuza nambari ya simu ya mtu kuwa anwani yake ya posta.

Sina ugomvi na hilo. Nambari ya simu inamfuata mtu anapohama ploti, na Nairobi watu wanahama. Ugomvi wangu ni kwamba anwani ya namna hii hufanya kazi pale tu mtu anapojibu, na kampuni zimejenga utaratibu wao wote kana kwamba kila mtu hujibu. Mlango hausubiri chaji. Mlango hauingii zamu. Mwuguzi akiwa wodini, mwalimu akiwa darasani, kondakta akiwa mlangoni mwa matatu, mfanyakazi wa ndani ambaye mwajiri hapendi kumwona na simu, hawa wote hawana anwani kuanzia asubuhi hadi alasiri, na saa hizo ndizo mizigo inazunguka.

Halafu kuna jambo la nambari ngeni. Mwanaboda hupiga kwa laini yake mwenyewe. Mkenya akiona nambari asiyoijua, jambo la kwanza linalomjia kichwani ni watu wa gereza la Kamiti, wale wanaopiga wakijifanya wametuma pesa kwa makosa, au watu wa mikopo wanaomtafuta shemeji aliyekopa. Jumbe za ulaghai zinazosema mzigo wako umekwama, bonyeza hapa, zimefanya hata ujumbe wa kweli utiliwe shaka. Mtu anayekataa kushika nambari ngeni anajilinda, na ana haki. Kampuni ikitaka simu yake ishikwe, ingetuma ujumbe asubuhi kwa jina lake rasmi: mzigo wako uko njiani leo, utaletwa na pikipiki hii, utapigiwa na nambari hii, kati ya saa hii na saa hii. Ujumbe mmoja wa aina hiyo ungemkuta dada huyu kwenye matatu saa kumi na mbili na nusu, simu ikiwa mkononi. Na kama ungeuliza pia "leo mchana utakuwa wapi?", mashine isingetoka Industrial Area kabisa.

Hilo ndilo ninalolishikilia katika kisa hiki. Fomu ya oda ilimuuliza anaishi wapi. Haikumuuliza mchana huwa wapi, wala ni nani mwingine anayeweza kumpokelea.

Wanaboda wamelaumiwa sana katika mazungumzo haya, na wa Ijumaa simtetei. Lakini nimekaa na vijana wa kazi hii steji ya mtaa wangu, na hesabu yao ni rahisi kuifuata. Wengi hulipwa kwa mzigo uliokabidhiwa, si kwa safari. Petroli ni juu yao, na bei yake EPRA, mamlaka ya nishati, huitangaza upya kila tarehe 14 ya mwezi. Kijana akipewa mizigo ya Umoja, Kayole na Komarock asubuhi, kila dakika anayongoja getini inakula mzigo wa mwisho wa siku. Akiwa hajaona geti, na simu haishikwi, kuandika "hapatikani" kunamgharimu sekunde. Kutafuta kunamgharimu chakula. Na maadamu mfumo haumdai uthibitisho wowote kwamba alifika, wala mahali aliposimama, wala picha ya geti, mwanaboda mwaminifu na asiye mwaminifu wanaandika neno lilelile na kulipwa sawa, yaani hakuna. Wa Jumatatu alifanya kazi yake yote. Alilitafuta geti, akalipata, akangoja, akazungumza na mtu kwa heshima. Siku yake ikaishia pungufu kwa sababu ya kanuni ambayo hakuitunga.

Kanuni yenyewe, ya kitambulisho na nambari ya siri, ina asili ya haki. Mizigo imewahi kupokelewa na majirani waliohama kesho yake. Simu mpya zimepotelea mikononi mwa walinzi. Kampuni ikajifunga mlango kwa kusema: mwenye jina tu. Tatizo ni kwamba ulinzi huo uliwekwa pasipo dirisha. Nambari ya siri ilitumwa dakika ya kukabidhi, kwenye simu ileile isiyoshikwa. Ingetumwa asubuhi, dada angempelekea mdogo wake WhatsApp, na kazi ingekwisha: anayeijua nambari ndiye aliyetumwa. Benki zetu na M-Pesa zinatufundisha tusimpe mtu nambari ya siri, ni sawa, lakini nambari ya mzigo si PIN ya akaunti. Ni kama ufunguo wa stoo unaomwachia mtu wa nyumbani.

Kwenye maghorofa ya Kileleshwa na Kilimani shida huwa upande wa pili wa geti. Huko mlinzi yupo saa zote, na kibanda kipo, lakini mara nyingi ameambiwa na wasimamizi asipokee kitu. Namwelewa. Mzigo ukipotea kibandani, mshahara wake hautoshi kuulipa, na aliyempa kazi ya ziada hakumwongeza kitu. Kuna majengo yaliyotatua hili kwa daftari tu: mzigo unaandikwa, mwanaboda anatia sahihi, mpangaji anatia sahihi. Yanayofanya hivyo ni yale ambayo wapangaji walikaa wakakubaliana na mlinzi, na wakamlipa.

Muuzaji wa Mombasa alipopigiwa, jibu lake lilikuwa fupi: "Mimi nilishakabidhi kwa kampuni, dada. Risiti ninayo." Wengi wangemwona jeuri. Kisheria alikuwa na pa kusimama. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kwamba muuzaji anayetakiwa kumtumia mnunuzi bidhaa akimkabidhi msafirishaji, huchukuliwa kwamba amemkabidhi mnunuzi, mpaka ionekane vinginevyo. Wanunuzi wengi wa mtandaoni hawajui hilo. Wanadhani muuzaji anabeba mzigo mpaka uwafikie, kumbe bila makubaliano maalumu hatari ya njiani inaweza kuwa yao.

Lakini hapa makubaliano maalumu yalikuwepo. Muuzaji mwenyewe aliandika "tunaleta mpaka mlangoni", akapokea KSh 650 kwa ajili hiyo, na kampuni aliichagua yeye. Kwa maoni yangu hiyo inatosha kuonyesha vinginevyo. Tena sheria hiyohiyo ina kifungu kinachosema kwamba kukabidhi kunakojaribiwa kwa saa isiyofaa kunaweza kuhesabiwa kuwa si kitu, na kwamba saa inayofaa hupimwa kwa hali halisi ya jambo. Saa nne na nusu ya Ijumaa ni saa njema kwa duka. Je, ni saa inayofaa kwa mtu ambaye kwenye oda yake, sehemu ya maelekezo, aliandika "niko kazini mpaka jioni, tafadhali piga saa saba"? Aliandika hivyo. Nimeyaona maneno. Hakuna aliyeyasoma, kwa sababu karatasi iliyobandikwa kwenye sanduku ilichapishwa jina, simu na "Umoja", basi.

Tulipofika hapo ndipo malalamiko yalipopata nguvu. Barua ya kwanza aliyokuwa ameandika mwenyewe ilikuwa ya uchungu, kurasa mbili, na kampuni ikamjibu kwa pole na kanuni. Ya pili tuliifupisha. Tuliweka mambo manne: maelekezo yake ya saa, simu za Ijumaa zilizopigwa kutoka mahali ambapo si kwake, kukataliwa kwa ndugu aliyekuwepo Jumatatu ilhali rekodi inasema hapatikani, na kutoambiwa mzigo uko kituo gani wakati ada inapanda. Tuliomba rekodi ya mahali pikipiki ilipokuwa saa nne na nusu. Tuliambatisha picha za skrini, moja baada ya nyingine kwa tarehe. Tukataja kwamba Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na huduma, na kufidiwa hasara inayotokana na kasoro za huduma.

Majibu yalikuja na sauti tofauti. Ada ya ghala walimrudishia yote. Kuhusu rekodi ya pikipiki hawakusema neno. Nauli ya kurudisha mashine Mombasa walisema ni kati ya mtumaji na mpokeaji.

Kuna njia nyingine ambayo tuliitafakari. Mahakama ya Madai Madogo imekuwepo Milimani tangu 2021, inasikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, inatakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Ni chombo kizuri, na kwa mzigo uliopotea kabisa ningemwambia aende. Lakini alichodai hapa kingekuwa nauli na kazi aliyopoteza, na kila siku ya kufika mahakamani ni siku asiyolipwa kiwandani. Aliacha. Nadhani alipima vizuri.

Hasara yenyewe haikuwa ile ya risiti. Mashine ilipofika mara ya pili, Januari ilikuwa imeshaanza, na wazazi wawili waliokuwa wamempa kitambaa walikuja kukichukua wakampelekea fundi mwingine. Mmoja alimwambia, "Mama, si kwamba sikuamini, lakini mtoto anafungua Jumatatu." Hakuna fomu ya malalamiko yenye sehemu ya kuandika hilo. Nguo alizoshona msimu ule kingo zake alizilipia kwa yule fundi mwenye overloki kama miaka yote, na overloki yake iko kwenye lori.

Mara ya pili muuzaji aliituma kwa basi. Hapo naona akili ya zamani ya mji huu ikifanya kazi. Kampuni za mabasi na matatu za masafa marefu zimebeba mizigo miaka mingi kabla ya maduka ya mtandaoni: unatuma, unapewa risiti, mwenzako anapigiwa simu na kaunta, anakwenda na kitambulisho. Hakuna ahadi ya mlangoni, kwa hiyo hakuna wa kuivunja. Alikwenda mjini Jumamosi alasiri, eneo la River Road, akaipakata kwenye matatu mpaka Umoja. Alilipa nauli ya mzigo upya, na yake mwenyewe.

Vituo vya kuchukulia mizigo vilivyoenea sasa kwenye maduka ya mitaani vinafuata wazo hilohilo, na ni nafuu kuliko mlangoni. Kwa mtu wa zamu ndiyo njia ninayompendekezea, kwa sharti aulize mambo mawili kabla ya kuchagua: duka linafungwa saa ngapi, na Jumapili likoje. Kituo kinachofungwa saa kumi na mbili jioni hakimsaidii anayeshuka matatu saa moja. Ila njia hii si ya kila mtu. Mama mjamzito wa ghorofa ya tano, mzee asiyeona, mtu aliyenunua friji, hao wanalipia mlango kwa sababu wanauhitaji, na haifai kuwaambia waende dukani.

Kwa wanaolipia mlango, kuna mambo yanayowezekana leo bila kungoja mji upewe nambari za nyumba. Unapotoa oda, kwenye sehemu ya jina andika majina mawili, lako na la atakayekuwepo, na simu zote mbili. Tuma pini ya ramani iliyowekwa ukiwa umesimama getini, si ukiwa kitandani, maana kwenye maghorofa yaliyobanana pini ya ndani huangukia ploti ya nyuma. Maelekezo ya saa yaandike, kisha mtumie muuzaji tena kwa WhatsApp siku ya kutuma, ili yawe na tarehe. Ukiandikiwa "hapatikani" na wewe hukupigiwa, piga picha ya orodha ya simu zako siku hiyohiyo. Kesho kutwa itakuwa imesukumwa chini na hutakumbuka saa.

Kampuni nazo zinaweza kufanya mengi, lakini ningetaka zianze na moja: "mteja hapatikani" isikubaliwe na mfumo mpaka iambatane na mahali na saa, na mteja atumiwe vyote viwili papo hapo. Programu wanazotumia wanaboda tayari zinajua pikipiki iko wapi. Kitu hicho kimoja kingemlinda kijana wa Jumatatu, kingemfichua wa Ijumaa, na kingempa mnunuzi nafasi ya kusema "hapo siyo kwangu" kabla mzigo haujageuzwa.

Ombi hilo ndilo tulilolipeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano, Waiyaki Way, ambayo ndiyo inayotoa leseni kwa kampuni za usafirishaji wa vifurushi na ambayo kanuni zake za 2010 za kulinda watumiaji zinamruhusu mteja asiyeridhika na jibu la kampuni kufika kwao. Hakuomba fidia zaidi. Aliomba kampuni ionyeshe pikipiki ilikuwa wapi Ijumaa ile saa nne na nusu. Malalamiko yamepokelewa na kupewa nambari, na nakala ya kila ukurasa anayo, kwenye bahasha iliyo chini ya overloki.